Mpwa wangu anakwenda kuwa skauti jeshini: niliyomwambia

Mpwa wangu aliyeko Houston alinipigia simu Jumapili usiku. "Shikamoo mjomba. Nimeshasaini. Wamenipa kumi na tisa Delta." Nilimwitikia marahaba, kisha nikakaa kimya kidogo. Dada yangu, mama yake, alikuwa ameshanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, analia kwamba mwanawe anapelekwa mstari wa mbele. Nimemficha jambo moja: mstari wa mbele ndiko waliko wenzake wengine. Skauti anakuwa mbele ya huo mstari.

19D ni namba ya kazi ya skauti wa vikosi vya farasi katika jeshi la Marekani. Niliifanya miaka minane, nikatoka nikiwa sajini mwenye magoti ya babu. Na kwa kuwa hapiti mwezi bila kijana mwingine wa kwetu mwenye grini kadi kuniuliza maswali yale yale, nimeamua kuyaandika yote kwa mkupuo.

Anza kwa kumtoa farasi kichwani. Shambulio la mwisho la askari wa Marekani juu ya migongo ya farasi lilikuwa Morong, Ufilipino, tarehe 16 Januari 1942, chini ya Luteni Edwin Ramsey. Kilichobaki ni kofia ya Stetson siku za sherehe, vile vyuma vya kisigino ambavyo mpanda farasi humchomea mnyama wake, na majigambo. Vya rangi ya fedha unavipata ukishinda mtihani wa kutembea, kutambaa na kutukanwa usiku na mchana. Vya dhahabu ni vya waliokwenda vitani. Utavitamani, hilo ni kawaida, ila visikupotezee usingizi.

Wala usiwaze skauti wa skafu shingoni. Kabla sijashinda bahati nasibu ya grini kadi nilikuwa utingo wa lori, Dar kwenda Tunduma. Mliopita Kitonga mnaijua ile milima: ukuta upande mmoja, korongo upande wa pili, lori limebeba tani zake, mvua inanyesha. Dereva akifika mahali barabara imemegeka hajitosi. Anamwambia utingo, "Shuka ukaangalie." Unashuka na tochi, unapima kwa hatua, unakanyaga ukingo kuona kama unatitia, unarudi. Dereva hataki hadithi. Anataka kujua panapitika au hapapitiki, na kama panapitika, ashike upande gani. Kazi ya skauti ndiyo hiyo. Tofauti ni kwamba dereva wako sasa ni kamanda wa brigedi mwenye askari maelfu nyuma yake, na huko mbele kuna mtu anayetaka kukuua usirudi na jibu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kulishika ni hili: hukutumwa kupigana. Umetumwa kuona, kusema ulichoona, na kubaki hai ili uendelee kuona. Vijana wengi linawashinda, kwa sababu gari lenyewe linatia kiburi. Katika brigedi za deraya, yaani zenye vifaru na magari ya chuma, utapanda gari la kivita liitwalo Bradley. Inatembea kwa minyororo, ina uzito wa karibu tani 30, mzinga wa milimita 25, na makombora ya TOW ya kuvunjia vifaru, yanayofika mita 3,750. Ukikaa ndani yake unajiona simba. Lakini kifaru kikikuona kabla hujakiona, wewe ni kopo la maziwa. Platuni ya skauti iliyopangwa kwa mtindo wa miaka ya karibuni ina magari 6 na watu 36, na sababu ya kuongeza watu ni kwamba kazi yenyewe inafanywa na wanaoshuka. Gari linafichwa nyuma ya kilima, injini imezimwa, na watu wawili watatu wanatambaa kwenda mbele na darubini.

Sasa tuje kwenye upelelezi wa barabara, ambao naupenda kuliko yote, labda kwa sababu ya zile safari za Tunduma. Watu hudhani upelelezi ni kumtafuta adui tu. Nusu ya maisha yako utapima kalavati. Kifaru cha Abrams kina zaidi ya tani 60. Ukisema daraja linakibeba na halikibebi, umemzamisha mwenzako. Kumbuka namba hizi: kitu chochote kilicho juu ya barabara chini ya mita 4.3 ni kizuizi, uripoti. Mwinuko wa asilimia 7 na zaidi, uripoti. Kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 25 au chini ya hapo, uripoti, maana msafara wenye matela utakwama pale kama lori la mbao pale Kitonga.

Utazipimaje bila vifaa? Mwinuko pima kwa jicho lako. Mimi toka ardhini hadi jicho ni mita 1.6. Nasimama chini ya mlima, natazama mbele kichwa kikiwa sawa kabisa, si juu si chini, nalenga jiwe ambalo jicho limeangukia pale mlimani. Kisha natembea hadi kwenye lile jiwe nikihesabu hatua. Hatua yangu ni sentimita 75. Zikiwa hatua 30, nimekwenda mita 22.5 na kupanda mita 1.6. Gawanya, zidisha kwa mia, unapata asilimia 7 na kidogo. Huo ni mlima wa kuripoti. Jipime urefu wa jicho na hatua yako leo hii, hapo sebuleni, maana ukiwa na mzigo mgongoni hatua inafupika na unapaswa kujua inafupika kwa kiasi gani.

Kona inahitaji kamba. Kata kamba ya mita 15, mmoja ashike huku, mwingine kule, ncha zote mbili zikiwa katikati ya barabara kwenye kona yenyewe, kamba ikiwa imenyooka kabisa. Nenda katikati ya kamba, pima kutoka hapo hadi katikati ya barabara ilipojipinda. Tuseme umepata mita 2. Zidisha 15 kwa 15, ni 225. Gawa kwa mara nane ya ile 2, yaani 16, unapata 14. Ongeza nusu ya ile 2, ambayo ni 1. Nusu kipenyo ni mita 15. Kona mbaya. Usicheke hesabu za darasani, utazifanya saa tisa usiku chini ya taa nyekundu, kalamu ya risasi ikiwa mdomoni.

Mto nao una ujanja wake. Chagua mti ulio ng'ambo, mkabala kabisa na wewe, usome dira. Tembea kandokando ya mto kwa mstari ulionyooka huku ukiusoma mti ule ule, mpaka dira ibadilike nyuzi 45. Umbali uliotembea ndio upana wa mto, na hujalowesha hata soksi. Kasi ya maji: pima mita 30 ukingoni, tupa kijiti, tazama saa. Kikichukua sekunde 20, maji yanakwenda mita moja na nusu kwa sekunde. Na usitosheke na upande wako. Ukingo wa ng'ambo ndio unaotesa, kwa sababu gari linaingia mtoni kwa kushuka lakini linatoka kwa kupanda, tena likiwa na minyororo iliyolowa.

Kituo cha uchunguzi. Hapa ndipo skauti anapojulikana.

Nilijifunzia haya Fort Irwin, California, kwenye jangwa la Mojave, ambako brigedi nzima hupelekwa kupigana vita vya mazoezi dhidi ya Kikosi cha 11 cha Deraya, wenyewe wanaitwa Blackhorse. Wale wanaishi pale mwaka mzima, wanalijua kila korongo. Kila mtu na kila gari limefungwa vifaa vya leza, ukipigwa vinalia, nawe umekufa mpaka utakapofufuliwa. Mchana joto, usiku baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Kuna kobe wa jangwani ambaye hagusiki kwa sheria. Nimeona wanaume wenye mizinga wakimsubiri kobe amalize shughuli zake.

Mahali pa kituo usipachague kwa sababu pana mandhari nzuri. Kilele cha mlima kina mandhari nzuri, na adui anajua hivyo, ndiko anakoangalia kwanza. Shuka chini ya kilele, mgongo wako uwe na mwamba au kichaka, ili kichwa chako kisichoreke dhidi ya anga. Fika gizani. Kabla ya kukaa, fanya kile kitu ambacho wengi wanaruka: simama, tazama, sikiliza, nusa. Dakika kumi bila kugusa kitu. Kweli nusa. Dizeli, sigara na chakula cha kupashwa moto vinasafiri mbali jangwani. Usiku mmoja tulijua kuna watu bondeni kabla ya kuwaona, kwa sababu kuna aliyepasha nyama yenye viungo.

Macho yanahitaji nusu saa kuzoea giza, na tochi moja ya sekunde mbili inakurudisha mwanzo. Ukitaka kukitambua kitu gizani usikikodolee. Tazama pembeni yake kidogo, utakiona. Mchana gawanya eneo lako: karibu, katikati, mbali. Sajini wangu alinifundisha kupekua kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha kusoma, ili macho yasiteleze kwa mazoea. Kioo cha darubini kifunike kwa kipande cha wavu, kisimeremete. Watu wawili ni kidogo, watatu ni sawa: mmoja anatazama, mmoja anaandika na kushika redio, mmoja analala. Anayetazama abadilishwe kila baada ya nusu saa hivi, zaidi ya hapo anaanza kuona vichaka vikitembea. Sitanii, mimi nimewahi kuripoti kichaka.

Kuna kamera kubwa ya joto tuliyokuwa tukiiweka juu ya gari au kwenye miguu mitatu. Inaona zaidi ya kilomita 10, na ukiipigia leza shabaha inakupa gridi yake, yaani namba za mahali ilipo kwenye ramani. Ni mashine ya ajabu, na ni nzito kama mtu. Tatizo lake ni kwamba inamfanya mtu asahau kutazama miguuni. Wenzetu walikuwa wakitazama kilomita 8 huko, Blackhorse wawili wakatokea kwa miguu nyuma yao na kuwagusa begani. Vifaa vya leza vikalia platuni nzima.

Haja ndogo ni chupani, kubwa ni kwenye mfuko, na vyote unaondoka navyo. Hakuna atakayekuambia hilo kwenye ofisi ya kuandikisha.

Kuripoti. Wanayo herufi sita za kukumbukia, SALUTE, lakini mimi nilizihifadhi kwa Kiswahili: wangapi, wanafanya nini, wapi, ni akina nani, saa ngapi, wana nini. Mfano hai: "Magari matatu ya minyororo, yanakwenda kaskazini polepole, gridi fulani, sare sikuiona, saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri, moja lina mzinga." Basi. Achia kitufe cha redio. Gridi ya tarakimu 6 inakuweka ndani ya mita 100, ya 8 ndani ya mita 10. Ukiomba mizinga kwa tarakimu 6 usishangae bomu likiangukia jirani.

Na sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa pili, jua linazama nyuma ya mlima Tiefort, niliona vumbi bondeni. Vumbi nene, refu, linakuja upande wetu. Nilikuwa na usingizi wa siku tatu na hamu ya kusifiwa. Nikabonyeza redio: "Kombania ya vifaru, inakuja." Juu kule wakaamini. Helikopta zilizokuwa zimepangwa kwingine zikageuzwa, akiba ikasogezwa. Baada ya dakika ishirini vumbi likafika karibu, likawa boza la maji na Humvee mbili, yale magari madogo ya jeshi. Wakati huo vifaru vya kweli vilikuwa vimepita kwenye pengo ambalo helikopta zingekuwepo. Tulishindwa ile siku.

Sajini hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja, "Uliona vifaru, au uliona vumbi?"

"Niliona vumbi, Sajini."

"Basi ungesema vumbi."

Tangu siku hiyo ripoti zangu zikawa kavu kama muhogo wa kuanika. Nimeona vumbi. Nimesikia minyororo, sijaona gari. Nimeona gari moja, nadhani yako mengine. Hilo "nadhani" lisemwe peke yake, lijulikane kuwa ni nadhani. Na usingoje ripoti ikamilike: sema ulicho nacho sasa hivi, kisha ongeza. Nusu ya habari iliyofika mapema ina faida kuliko habari nzima iliyokuta watu wameshakufa. Ukishamwona adui, usimwachie. Akiingia nyuma ya kilima ambako humfikii kwa macho, mkabidhi kwa kituo kingine kwa redio, na usimtoe kichwani mpaka wenzako waseme "tunamwona."

Kuna na kazi ya ulinzi, ambayo nitaipitia haraka kwa sababu wataisomesha hadi uchoke. Ina ngazi tatu. Ya kwanza ni pazia: unakaa mbele au ubavuni mwa kikosi kikubwa, unatoa onyo, na unapigana kwa kujiokoa tu, ingawa skauti wa upelelezi wa adui unaruhusiwa kumuua asikuone zaidi. Ya pili unapigana kweli, umcheleweshe adui wakubwa wapate muda. Ya tatu ni ya kikosi kikubwa kinachoweza kupigana peke yake mbali na wengine. Uliza mapema uko kwenye ngazi ipi na ukiona nini unaondoka. Wengi wanakufa, mazoezini na vitani, kwa kutojua saa ya kuondoka.

Mambo yamebadilika tangu nitoke. Sisi tulikuwa na Raven, kile kindege cha chini ya kilo mbili unachokirusha kwa mkono kama unarusha mkuki, tukajiona tuna macho ya mbinguni. Vita vya Ukraine vimeonyesha kwamba kila mtu ana droni sasa, na ile ya bei ya simu nzuri inaweza kuibomoa Bradley. Kwa hiyo kujificha kwa siku hizi ni kujificha kutoka juu. Wavu ukiwa wa kuzuia macho ya mbele tu hautoshi. Njia ya matairi inayoishia kwenye kichaka inamwambia rubani wa droni kila kitu. Futa nyayo zako au pitiliza mbele kisha rudi kwa miguu. Redio nayo ni tochi: kila ukibonyeza kuna mtu anaweza kupima ulipo. Bonyeza kwa ufupi, tumia nguvu ndogo, sogea. Simu yako ya mkononi iache kambini. Iache kabisa, usiniambie umeizima.

Na ujue unaingia wakati kazi yenyewe inapunguzwa. Februari 2024 jeshi lilitangaza kuondoa vikosi vya farasi katika brigedi za watembea kwa miguu na za Stryker (magari ya kivita ya matairi) zilizoko ndani ya Marekani. Wako wanaosema droni imemfukuza skauti. Mimi siamini hivyo. Droni haikanyagi ukingo wa daraja kuona kama unatitia, na upepo wa Mojave ukivuma inakaa kwenye begi. Lakini sikufichi, brigedi za deraya ndiko nafasi zilikobaki nyingi, kwa hiyo jiandae kulala na harufu ya dizeli.

Mafunzo yenyewe ni wiki 22 mfululizo Fort Benning, Georgia. Mimi nilipitia Fort Knox, Kentucky, kabla shule haijahamishiwa Benning mwaka 2011, na kule kulikuwa na milima mitatu ambayo askari waliibatiza Uchungu, Mateso na Kuvunjika Moyo. Ya kwenu wataipa majina mengine. Lafudhi yako itachekwa wiki mbili, kisha watazoea. Kwenye redio ongea polepole, tamka tarakimu moja moja. Mimi "five" na "nine" zilinisumbua mpaka nilipoambiwa kwamba kwenye redio tisa hutamkwa "niner" na Wamarekani wenyewe, kwa sababu hata wao huzichanganya. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku ya uraia.

Ya kufanya kabla hujaondoka, kwa kuwa umebakiwa na wiki tano: nunua dira ya bei rahisi, ujifunze kusoma ramani ya karatasi hapo kwenye bustani ya taifa iliyo karibu nawe. Tembea na mzigo, siyo kukimbia tu; anza na kilo 15 na viatu vilivyozoea mguu. Kaa dirishani saa nzima bila simu ukitazama barabara, kisha andika kila kilichopita na saa yake. Utashindwa mara ya kwanza. Rudia kesho yake. Nunua soksi za sufu, kalamu za risasi na daftari lisilolowa maji.

Na mwambie mama yako mapema kwamba simu watakunyang'anya wiki za mwanzo, asije akanipigia mimi saa nane usiku kuuliza kama uko hai.